Kuhamia Antananarivo: mji mkuu wa kisiwa usio na bahari

Mtu akiambiwa anahamia kisiwani, hasa kisiwa cha Bahari ya Hindi, begi lake hujaa kaptura na ndara, na mawazo yake hujaa minazi. Antananarivo haimo katika picha hiyo. Mji mkuu wa Madagaska, nchi ambayo wazee wetu wa pwani waliiita Bukini, umejengwa juu ya vilima vya nyanda za kati, takriban mita 1,280 juu ya usawa wa bahari, na anayetaka kuiona bahari hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Toamasina, kwa barabara ya milima na kona zisizokwisha. Aliyekulia Nairobi, Arusha au Mbeya atauzoea upesi kuliko ndugu yake wa Mombasa.

Mwaka una misimu miwili. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni joto la wastani na mvua, ambayo aghalabu hunyesha alasiri kwa radi na kwa kishindo. Huu pia ndio msimu wa vimbunga, ingawa vikifika huku juu huwa vimepoteza nguvu ya upepo na kubakiza maji. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kipindi kikavu, na kipupwe cha Julai si cha kudharauliwa: usiku nyuzi hushuka hadi karibu 10, ndani ya nyumba ambazo nyingi hazina kipasha joto. Beba sweta zito na blanketi. Oktoba mijakaranda iliyozunguka ziwa Anosy huchanua zambarau, nao kwa maoni yangu ndio mwezi mzuri kuliko yote wa kuhamia.

Jambo linalostahili muda wako mwingi ni nyumba. Chini ya vilima lipo bonde la Betsimitatatra, ambalo watawala wa Imerina, ufalme wa kale wa nyanda hizi, walilikausha kwa matuta na mifereji ili walime mpunga, na mto Ikopa hupita humo. Katika karne iliyopita mji uliteremka kutoka vilimani na kulivamia bonde hilo, lakini maji hayajasahau njia yake. Mitaa ya chini kama Isotry na 67 Ha hufurika mvua zikizidi, na mafuriko ya Januari 2022 yaliua watu na kuwahamisha maelfu. Kwa hiyo, ukionyeshwa nyumba mwezi Agosti, wakati vumbi limetanda na kila kitu kinang'aa, usitazame rangi mpya; inama utazame ukuta wa jirani, chini ya dirisha, utafute mstari wa kahawia ulioachwa na maji, kisha muulize muuza duka wa pembeni maji yalimfikia wapi Januari. Mitaa ya juu, kama Faravohitra na Andohalo, haifuriki, ila utalipa zaidi na utapanda ngazi za mawe kila siku. Na huko nako, nyumba iliyo chini ya ukingo mkali ina hatari ya maporomoko. Popote utakapokaa, uliza kuhusu umeme na maji. Kukatika kwa huduma hizo ndiko kulikowasha maandamano makubwa ya vijana Septemba 2025.

Lugha za kazi ni Kimalagasi na Kifaransa. Kimalagasi asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki, lakini mifugo yake inaita kwa sauti tunayoifahamu: ng'ombe ni omby, kuku ni akoho, mbwa ni amboa, punda ni ampondra. Kumbuka kwamba o hutamkwa u, na irabu ya mwisho mara nyingi humezwa. Katika salamu ongeza neno tompoko, ambalo hubeba heshima kwa mzee na kwa usiyemjua: Manao ahoana, tompoko. Usishangae pia ukiulizwa habari za Afrika kana kwamba kisiwa hiki hakimo.

Mezani hutapata shida. Wali, yaani vary, huliwa hata mara tatu kwa siku, na kitoweo huitwa laoka. Asubuhi barabarani huuzwa mofo gasy, ambavyo ukiviona utavitambua mara moja kuwa ni vitumbua, na jioni masikita, yaani mishikaki. Baada ya mlo huletwa ranovola: maji yaliyochemshwa katika sufuria yenye ukoko wa wali, yenye rangi ya chai hafifu na ladha ya kuungua kidogo. Mwenye nyumba akikupa, kunywa.

Fedha ni ariary. Tangu mwaka 2005 faranga ya zamani haitumiki, lakini wauzaji wengi sokoni bado huhesabu kwayo, na ariary 1 ni faranga 5. Ukiambiwa kilo ya nyanya ni 10,000, huenda anachotaka ni ariary 2,000. Uliza kabla hujakasirika. Katika teksi patana bei kabla ya kupanda. Katika taxi-be, ambazo ni daladala au matatu za huko, weka fedha ndogo mkononi na simu ndani kabisa ya mfuko.

Kuhusu afya, tauni bado hutokea nchini kati ya Agosti na Aprili, na mwaka 2017 ile ya mapafu ilifika mjini. Homa kali yenye kikohozi usiitibu kwa vidonge vya dukani.

Utamaduni wa Wamerina, yaani watu wa nyanda hizi, unazunguka mababu. Kati ya Julai na Septemba familia hufanya famadihana: mabaki ya wafu hutolewa kaburini na kufungwa sanda mpya, kwa ngoma na karamu. Ukialikwa umeheshimiwa, nenda na bahasha ya mchango, na usipige picha bila idhini. Miiko huitwa fady na hutofautiana kati ya mahali na mahali, ila mmoja utakufaa kote: usilinyooshee kaburi kidole, kikunje.

Jumba la malkia, Rova, lililoko juu ya kilima kirefu kuliko vyote mjini, liliungua Novemba 1995 zikabaki kuta za mawe. Ukitaka kuona nyumba ya kifalme ya mbao nenda Ambohimanga, kilomita 20 na ushei kaskazini mashariki. Katika nyumba hiyo ya mfalme Andrianampoinimerina huingiwa kwa kutanguliza mguu wa kulia, na hutokwa kinyumenyume ili usimpe mfalme mgongo. Ondoka mjini kabla ya saa 12 asubuhi, foleni isije ikakukuta bondeni.