Usiizibe EGR kabla ya kuikagua

Juzi Hiace ya dizeli iliingia gereji yetu hapa Kisumu ikiwa imeshindwa na mlima wa Nyang'ori: moshi mweusi nyuma, taa ya injini inawaka, abiria wamelalamika mpaka Kiboswa. Dereva alikuja na jibu lake kabisa. "Fundi, ziba tu hiyo EGR na bati, nirudi barabarani."

Nilimwambia, "Dere, ngoja kwanza tuone."

EGR ni vali inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye njia ya hewa, ili joto la mwako lishuke na gesi chafu za nitrojeni zipungue. Ukikanyaga mafuta mlimani, inafaa ijifunge. Ikikwama wazi, injini inavuta moshi wake yenyewe, mafuta hayaungui yote, na nguvu zinakwisha.

Hatua ya 1: soma kodi, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya injini. P0401 ni moshi mchache unaorudi, P0402 ni mwingi kupita kiasi, P0403 ni upande wa umeme. Kodi haikwambii ununue nini. P0401 huja hata vali ikiwa nzima, njia tu ndiyo imeziba. Yetu ilikuwa P0402.

Hatua ya 2: kagua waya, plagi na mipira ya vakyumu (ile inayofungua vali kwa mvuto wa hewa). Mpira uliopasuka ni pesa ya chai, usianze na vali. Kama vali yako ni ya vakyumu, ivute kwa pampu ya mkono: sindano ya geji ya pampu ikishuka yenyewe, kiwambo cha ndani kimetoboka, na hakuna kuosha kutakakokiponya.

Hatua ya 3: injini ikishapoa, chomoa waya hasi wa betri, kisha fungua vali. Bolti za upande wa ekzosi zina kiburi. Zimwagie mafuta ya kulegeza, kanywe chai, urudi. Ukilazimisha ikakatika, utalala hapo na drili.

Ndani tulikuta masizi yaliyoshikana na mvuke wa oili yakawa kama lami. Tundu la kupitisha kidole gumba lilikuwa limebaki la kupitisha kalamu, na kipande kigumu kama punje ya hindi kimezuia vali isifunge.

Hatua ya 4: ziba mdomo wa manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) kwa kitambaa, uchafu usianguke kwenye injini (na ukumbuke kukitoa!). Kwangua kwa kijiti, bisibisi itakwaruza kikalio, pale vali inapokaa ikijifunga. Nyunyizia kabureta klina, sugua kwa mswaki mzee, ila usiloweshe mota ya umeme. Osha na bomba lake pia, wengi hulisahau.

Hatua ya 5: gasketi mpya, funga, futa kodi, kisha jaribu mlimani. Kwenye tambarare hutajua kitu.

Bati je? Kompyuta ikikosa moshi inaoutarajia, taa inawaka tena, safari hii kwa P0401. Injini ya petroli inaweza hata kuanza kugonga, yaani kutoa mlio wa kugongagonga ndani mafuta yakiungua vibaya.

Hiace ilipanda Nyang'ori ikiwa imejaa, bila moshi. Dereva aliporudi kunilipa, bado aliuliza bati ni pesa ngapi.