Bitiruti: kuchagua, kutunza na kuchemsha bila kuipoteza rangi

Juzi usiku wifi yangu kanipigia kutoka Dar, bitiruti ziko jikoni lisaa lizima, maji mekundu pyu na vipande vyenyewe vimepauka. "Wifi, si ulisema tamu, mbona zinanuka udongo tu?" Nikacheka, maana hukohuko nami nilipita. Basi naandika hapa ili nisirudie kwenye simu.

1. Sokoni

Chukua za saizi ya ngumi ya mtoto, ngumu, nzito mkononi, na mkia wake bado upo. Yale madude makubwa kama nazi achana nayo, katikati yana nyuzi na utachoma mkaa wa siku mbili. Mimi nanunua Kilombero hapa Arusha na huwa namwambia mama asinikatie majani, maana majani yakiwa mabichi unajua na mzizi haujakaa sana.

2. Nyumbani

Kata majani siku hiyohiyo, yanafyonza maji ya mzizi ukalegea, ila bakiza kikonyo cha vidole viwili. Usioshe. Mfuko, friji, wiki mbili hadi tatu. Huna friji fukia kwenye ndoo ya mchanga wenye unyevu kidogo, weka kona yenye baridi. Majani yapike kesho yake kama mchicha, na ukikuta yana ladha ya spinachi usishangae, ile spinachi yetu ya bustanini na bitiruti ni mmea mmoja, tofauti moja tunafuata majani na nyingine mzizi.

3. Kuchemsha (hapa ndo soma polepole)

USIMENYE. Usikate kichwa, usikate mkia, usikwangue na kisu. Osha udongo kwa mkono taratibu basi. Ganda ndo mfuniko wa ile rangi, ukilitoboa tu rangi na utamu vinahamia kwenye maji. Mara ya kwanza mimi nilimenya nikakatakata kama viazi, nikamwaga rangi yote kwenye sinki. Mara ya pili nikajifanya mjanja nikaziacha nzima, lakini kila dakika tano nachoma na uma kuangalia kama zimeiva, saa mbili unusu jikoni na zikatoka zina matobo kama chujio, zimepauka vilevile!

Kwa hiyo: zote saizi moja, au kubwa zitangulie. Maji yazifunike kabisa, kijiko cha siki au limau nusu ndani, inashika rangi na inapunguza ile harufu ya udongo. Magadi HAPANA hata kama una haraka, sio maharage haya, magadi yanaiharibu rangi. Za ngumi ya mtoto hesabu dakika 40 mpaka lisaa tangu maji yachemke. Sisi wa Arusha ongeza kidogo, tuko kama mita 1,400 juu ya bahari na maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, ndo maana muda wa wifi wa Dar na wangu haulingani. Ukitaka kupima, chagua MOJA tu kubwa kuliko zote, ichome na kisu chembamba mara moja, kikipita bila kukwama epua.

Wenye presha kuka dakika 20 zinatosha, na mimi sasa hivi sitaki kusikia kitu kingine. Oveni wanasema inazifanya tamu zaidi, sawa, luku anunue nani?

4. Kumenya

Maji baridi, kata kichwa, sugua na vidole gumba, ganda linavuka lenyewe kama la kiazi cha kuchemsha. Paka mafuta mikononi kwanza, na kitenge cha kutokea vua.

5. Kula

Kachumbari: bitiruti vipande vyembamba, kitunguu kilichooshwa na chumvi, limau, giligilani, pilipili kama unaweza. Changanya mwishoni kabisa, la sivyo kitunguu na kila kitu kinakuwa chekundu. Mwenye historia ya mawe kwenye figo aongee na daktari kwanza, bitiruti na hasa majani yake yana oksaleti nyingi.

Na asubuhi ukienda haja ukaona nyekundu usipige simu ya kulia, wifi. Ni bitiruti hiyo.