Banda la kuku likiwa tupu, wadudu bado wamo

Kuuza kuku wote hakumalizi wadudu. Chawa ndio wepesi: maisha yao yote yako juu ya ndege, kuku wakiondoka hawamalizi wiki mbili. Utitiri mwekundu ni habari nyingine. Mchana hulala kwenye nyufa, usiku hutoka kunyonya, na bila kuku unaweza kusubiri hata miezi minane. Papasi wa kuku, wapenzi wa kuta za udongo, huvumilia njaa kwa miaka. Kwa hiyo kuliacha banda "lipumzike" mwezi mmoja si dawa.

Anza siku ileile kuku wanapotoka, kabla wadudu hawajazama ndani ya mbao. Toa matandiko, vinyesi na mabaki ya chakula, uyapeleke mbali. Maranda yakilundikwa nyuma ya ukuta wa banda, wadudu watarudi kwa miguu yao. Kama sakafu ni ya udongo, kwangua sentimita 5 za juu. Mabuu ya viroboto hukulia kwenye vumbi hilo.

Sasa ng'oa fito za kulalia. Tazama pale fito ilipokalia mhimili: utaona unga wa kijivu, kama majivu yaliyochanganywa na pilipili manga. Chomeka ncha ya kisu kwenye ufa, kisha uifute juu ya karatasi nyeupe. Ukiona michirizi ya damu, huo ni utitiri ulioshiba. Fito zenye magome zichome moto, na mpya uzimenye kabla ya kuzifunga. Viota vya mbao vitenganishwe ubao kwa ubao ikiwezekana.

Sugua kila kitu kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu. Suuza, acha siku mbili pakauke kabisa; mbao zilizolowa hazinywi dawa, inachuruzika tu. Na tusichanganye mambo: dawa ya kuua vijidudu vya magonjwa haiui utitiri.

Kinachotakiwa ni dawa ya wadudu iliyoandikwa kuwa ni ya mabanda ya mifugo, kwa mfano yenye pemethrini. Kipimo ni cha kwenye lebo, si cha jirani. Vaa glavu na barakoa, sogeza mdomo wa bomba karibu na ufa, pulizia mpaka palowe. Usisahau chini ya paa, bawaba za mlango na upande wa chini wa viota. Rudia baada ya siku 7 hadi 10. Hapa ndipo wengi wanapokosea: dawa haiui mayai vizuri, na wale walioanguliwa baadaye ndio wanaojaza banda upya.

Chokaa ije mwisho, wiki moja baada ya duru ya pili. Ukianza nayo, ukali wake unaivunja dawa utakayopulizia juu yake. Ziba kwanza nyufa kubwa kwa simenti, kisha koroga kilo 1 ya chokaa kwa lita 3 za maji, pamoja na konzi ya chumvi ili ishike, upake mara mbili.

Panya wanahitaji macho zaidi kuliko dawa. Tundu linalopitisha penseli linampitisha panya mdogo, kwa hiyo wavu wa nusu inchi humzuia panya buku tu. Tumia wa robo inchi. Matundu madogo yajazwe stiliwaya ya kusugulia masufuria, kisha simenti juu yake. Sumu ikibidi, iwe ndani ya kisanduku kilichofungwa, na mizoga iondolewe kabla kuku hawajarudi. Viota vya shomoro chini ya mabati navyo vitolewe, maana ndege wa porini huleta utitiri.

Muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo ukipita, usiingize kundi lote. Weka kuku watatu. Kata boksi lenye mawimbi ndani, kunja vipande, uvifunge chini ya fito. Baada ya usiku tatu vifungue asubuhi juu ya bakuli jeupe na uvikung'ute. Ukiona hata kitone kimoja kinachotembea, watoe kuku na urudie dawa.