Banda la kuku usiku: angalia chini kwanza

Wafugaji wenzangu wa Dodoma hasa mlioko pembeni huku Nala, Mkonze, Chamwino, ule wavu laini wa kuku wa matundu makubwa unazuia kuku asitoke tu, haumzuii kicheche, yule mnyama mdogo anayekula kuku, asiingie. Chini, kuanzia ardhini kwenda juu futi mbili, weka wavu wa chuma mgumu wa matundu ya nusu inchi, alafu usiishie usawa wa ardhi maana udongo wetu ni kichanga na unachimbika kirahisi mno, ulaze kwa nje kama futi moja hivi, fukia, juu panga mawe. Nje ya hapo miiba ya mgunga inasaidia pia na ni bure.

Juu nako kanu, mnyama wa porini anayefanana na paka, anapanda vizuri sana, ziba ule upenyo kati ya ukuta na bati ila hewa ibaki, tumia wavu huohuo. Mlango uwe na komeo, kamba haitoshi jamani.

Na jioni toeni pumba zote zilizobaki, zinaita panya, na panya wanaita nyoka. Vifaranga wanaumia bure kabisa, inauma.