Kujenga Beetle ya Safari uani kwako: anza chini, rangi ni ya mwisho

Gari ninaloelezea hapa ni Volkswagen Beetle ya 1964, modeli ya 1200, nguvu farasi 34, umeme wa volti 6. Nimelijenga uani kwangu Tanga, chini ya banda la mabati lenye upana wa mita 4, kwa jioni na Jumamosi za miaka miwili na nusu. Nilitaka liwe na sura ya magari ya Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki: limeinuka kidogo, taa mbili za ziada mbele, keria juu, bamba la chuma la kukinga tumbo. Volkswagen ilishinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yale yalikuwa magari ya kawaida kabisa, si vyombo vilivyobuniwa kwa mashindano. Yalihimili kwa sababu ya chesisi na ufundi wa chini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu iko chini ya zulia, na rangi nimeipa mistari michache tu.

Hatua ya 1: Namba kwanza, bei baadaye

Inua kiti cha nyuma. Futa vumbi juu ya uti wa kati, ule mfupa wa chuma unaopita katikati ya sakafu kutoka mbele hadi nyuma. Namba ya chesisi imegongwa pale. Ilinganishe na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Isipolingana, ondoka, hata kama bei ni ya bure. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Namba ikiwa sawa, chukua bisibisi butu uchome sakafu, hasa upande wa kulia chini ya kiti cha nyuma, ambako betri hukaa. Asidi ya miaka 60 hula chuma pale kabla ya mahali pengine popote. Kisha choma vizingiti vya milango kwa chini. Sakafu iliyooza isikutishe, kwa sababu nusu zake mbili hubadilishwa na uti wa kati ukabaki na namba yake. Uti wenyewe ukiwa umeoza, tafuta gari jingine.

Hatua ya 2: Kufungua bila kupoteza

Kila nati na mfuko wake, kila mfuko na jina lake, kila kiungo na picha yake kabla hujakigusa. Nati mbili za ekseli ya nyuma, za spana 36, zilegeze gari likiwa bado limesimama kwa matairi yake. Ukishalipandisha juu ya stendi huna cha kuzuia gurudumu lisizunguke.

Injini hushikwa na bolti 4 tu. Tenganisha betri, bana mpira wa petroli (tangi liko mbele na juu, mafuta yatatiririka yenyewe), toa waya wa akselereta, nyaya za joto na nyaya za umeme, weka jeki yenye magurudumu chini yake, vuta nyuma, shusha. Ina karibu kilo 100. Muwe wawili.

Hatua ya 3: Kiunzi, kisha kutu

Hapa ndipo gari linapopona au linapokufa, na hapa ndipo mimi niliharibu gari langu la kwanza.

Bodi ya Beetle ni kama kifuniko cha sufuria: imefungwa juu ya chesisi kwa bolti zaidi ya 20 kuizunguka, pamoja na chache za mbele na nyuma. Nguvu yake pembeni inatoka kwenye vizingiti, ambavyo ni mabomba ya bati yaliyopitisha hewa ya moto kutoka injini kwenda kwa abiria. Yana uwazi ndani, hivyo huoza kutoka ndani kuja nje. Hewa ya chumvi ya pwani inayaharakisha. Ukiyakata bila maandalizi, bodi inalegea kama kikapu na milango haitafunga tena. Kwenye lile gari la kwanza nilikata vizingiti vyote viwili siku moja. Nilipochomelea vipya, mlango wa kushoto uligonga nguzo ya nyuma kwa juu, na chini ukaacha pengo la kupitisha kidole gumba. Sikuweza kulirekebisha, na bodi ile niliiuza kama chuma chakavu.

Kwa hiyo, fuata mpangilio huu bila kuruka.

Milango ikiwa bado imefungwa vizuri, pima mapengo yake pande zote na uandike. Halafu chomelea mabomba ya mraba ya milimita 25 ndani ya bodi: moja kila upande kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi nguzo ya nyuma, moja la kukatiza kutoka nguzo hadi nguzo, na mawili ya kuvukana kama herufi X. Hicho ndicho kiunzi. Yaweke mahali ambapo milango bado itafunguka, maana utaihitaji kama kipimo.

Sasa fungua bolti, ita watu sita wenye migongo mizima, inueni bodi na kuiweka juu ya meza za mbao. Shughulikia chesisi peke yake. Kata nusu ya sakafu iliyooza, safisha ukingo wa uti wa kati kwa grinda na brashi ya waya hadi chuma king'ae, weka nusu mpya, ibane kwa koleo za kufunga, kisha chomelea. Usizungushe mshono mmoja mrefu. Piga nukta moja hapa, nyingine kule mbali, acha chuma kipoe, rudi katikati. Bati la unene usiofika milimita moja likipata joto mfululizo hujikunja, na sakafu iliyojikunja haitapokea bodi.

Mashine ya kuchomelea kwa fimbo ambayo mafundi wengi wa mitaani wanayo hutoboa bati jembamba hivi. Kodi mashine ya MIG, inayochomelea kwa waya unaojitoa wenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8, au tafuta fundi wa gesi mwenye mkono mwepesi. Na tafadhali, usizibe kwa bati la kuezekea. Ni jembamba mno, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa na kubana kifua. Nunua bati jeusi la geji 20.

Sakafu ikishapona, usichomelee vizingiti vipya kwenye bodi iliyo mezani. Vifunge kwa bolti kwenye chesisi kwanza, pamoja na mpira unaokaa kati yake na chesisi. Ndipo ukate vizingiti vya zamani kwenye bodi, uishushe bodi juu ya vile vipya, utundike milango na ucheze na mapengo hadi yarudi kwenye namba ulizoandika. Mimi hutumia vipande vya mbao vya unene mmoja, nikivipachika kuzunguka mlango wote. Mlango ukifunga kwa kidole kimoja, piga nukta chache. Fungua, funga, pima. Piga nyingine. Kazi hii ilinichukua wiki tatu, na sijutii hata siku moja.

Kiunzi kitoke mwisho kabisa. Kisha ndani ya vizingiti nyunyizia nta ya kuzuia kutu mpaka idondoke kwenye matundu ya chini.

Hatua ya 4: Kuinua, kwa kiasi

Beetle haina springi za kawaida. Ina toshenibaa, fimbo za chuma zinazojisokota. Za nyuma zina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Jino moja la ndani ni digrii 9, moja la nje ni digrii 8 na dakika 10. Ukizungusha ndani jino moja upande mmoja na nje jino moja upande wa pili, umebadilisha pembe kwa dakika 50 tu, yaani chini ya digrii moja. Kwa hiyo una uwezo wa kupanga urefu kwa usahihi mkubwa bila kukata chochote. Chora mstari wa pembe ya awali kabla hujachomoa kitu.

Tahadhari: bamba la springi, chuma bapa kinachounganisha toshenibaa na ekseli, likitoka kwenye kizuizi chake hufyatuka kwa nguvu ya kuvunja mguu. Lishike kwa jeki na mnyororo, na simama pembeni.

Nimeinua sentimita 4, na sishauri zaidi ya 5. Ekseli za nyuma za mwaka huu hubembea, na gari likiinuliwa mno magurudumu hujikunja kwa ndani kwenye kona kali. Nimefunga mikanda ya kuzuia ekseli zisishuke kupita kiasi. Mbele, bomba la ekseli limewekwa adjasta mbili za kupanga urefu.

Hatua ya 5: Breki na nati kubwa

Gari hili lilitoka kiwandani na mkondo mmoja wa breki: bomba moja likipasuka, huna breki kabisa. Weka masta silinda (pampu kuu ya breki) ya mikondo miwili, mabomba mapya ya chuma na mipira mipya. Hapa usitafute cha bei rahisi.

Nati za nyuma hukazwa kwa takriban Nm 294 (niutoni-mita, kipimo cha mkazo), na spana za kupimia mkazo huo ni adimu. Chukua spana imara, ichomeke bomba, pima mita 1 kutoka katikati ya nati, hakikisha bomba limelala sawa na ardhi, kisha ning'iniza kilo 30 pale. Ndoo ya lita 20 na nyingine ya lita 10 za maji zinatosha. Nati ya flaiwili, gurudumu zito lililo mwisho wa injini upande wa giaboksi, ni kilo 35 kwa njia hiyohiyo. Kwenye nati za ekseli, tundu la pini lisipolingana, kaza zaidi hadi lilingane. Usilegeze kamwe.

Hatua ya 6: Injini na hewa yake

Niliweka injini ya 1600 kutoka Beetle ya baadaye. Flaiwili yake ina meno 130, ya zamani ina 109, hivyo nyumba ya giaboksi ilibidi isagwe kidogo ndani ili ipite.

Injini hii hupozwa kwa hewa na mafuta, hakuna maji. Nasikia mafundi wakisema mabati yanayoizunguka yatolewe "ipumue". Hapana. Mabati hayo ndiyo huelekeza upepo wa feni kwenye silinda, na mpira unaozunguka chumba cha injini huzuia hewa ya moto kutoka chini isinyonywe tena na feni. Kwenye joto la pwani, bati moja likikosekana utaua silinda namba 3 kwanza, hasa kama kipoza mafuta kimesimama kwenye njia ya hewa yake, kama kwenye injini nyingi za zamani.

Vali rekebisha injini ikiwa baridi, nafasi ya milimita 0.15. Ukizungusha puli kinyume cha mzunguko wake, nusu mzunguko kila mara, utakwenda silinda 1, 2, 3, 4 kwa mpangilio. Mafuta ni lita 2.5.

Mpira wa petroli badilisha wote, funga klipu kila ncha, na usiweke kichujio juu ya distribyuta. Magari mengi haya yameungua hapo. Funika pia vichwa vya betri, kwa sababu springi za kiti cha nyuma zikivigusa huwasha manyoya ya kiti. Kizimamoto changu kiko karibu na mguu wa abiria.

Hatua ya 7: Umeme na sura

Kwenda volti 12, nyaya za zamani zinabaki kama ni nzima, maana ni nene kuliko mahitaji. Badilisha betri, jenereta na regyuleta yake, koili, balbu zote, honi, mota ya waipa na rilei ya indiketa. Taa mbili za Safari za wati 55 hula karibu ampea 9: zipe rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi ya ampea 15.

Rangi nilipuliza Januari, kaskazi ikivuma na hewa ikiwa kavu, saa mbili asubuhi. Wakati wa masika rangi hufanya ukungu mweupe. Rangi za kuchanganya na hadna, dawa ya kuigandisha, zina sumu kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii. Mpelekee mwenye chumba na vifaa.

Hatua ya 8: Kilomita za kwanza

Zungusha injini bila plagi mpaka taa ya mafuta izimike, ndipo urudishe plagi na uwashe. Baada ya kilomita 50 kaza tena nati za nyuma, baada ya 500 mwaga mafuta na pima vali upya. Safari ya kwanza ndefu nilienda Muheza. Nilipofika nilisimama chini ya mwembe na kupitisha kiganja karibu na kila dramu. Ya nyuma kulia ilikuwa ya moto kuliko wenzake, breki imekaza. Nikalegeza adjasta meno mawili, nikasubiri ipoe, nikarudi Tanga taratibu.