Pima TCP na UDP mwenyewe kabla ya kuchagua

Unapotengeneza mfumo wa matatu za Thika Road, jiulize kwanza: ujumbe ukichelewa sekunde tatu, bado una kazi? Malipo ya nauli bado yanahitajika. Mahali gari lilipokuwa hapahitajiki tena, kwani taarifa mpya imeshatumwa. Jibu hilo ndilo linaloamua itifaki, yaani kanuni za kutuma data: TCP hutuma upya kilichopotea, UDP hutuma bila kurudia. Vipimo vitakuonyesha sababu.

Tafuta kompyuta mbili za Linux (Ubuntu) kwenye ruta moja, kwa waya ikiwezekana. Kwenye ploti za mitaa ya Nairobi kama Pipeline au Roysambu, Wi-Fi za majirani hugombania masafa na matokeo huyumba.

Hatua ya 1. Kwenye zote mbili, weka iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao:

sudo apt install iperf3

Ya kwanza iwe seva:

sudo ufw allow 5201
iperf3 -s

Amri hiyo ya ufw, programu inayozuia miunganisho isiyoruhusiwa, hufungua poti 5201 kwa TCP na UDP pamoja. Zote zinahitajika: hata unapopima UDP, iperf3 hupanga jaribio kupitia TCP.

Hatua ya 2. Kwenye ya pili, ukiweka anwani ya seva yako:

iperf3 -c 192.168.1.10 -t 30

Andika kasi na namba ya safu ya Retr, yaani vipande vilivyotumwa upya.

Hatua ya 3. Sasa UDP:

iperf3 -c 192.168.1.10 -u -b 20M -l 1400 -t 30

Usiache -b, yaani kasi ya kutuma. Bila hiyo, iperf3 hutuma megabiti 1 tu kwa sekunde, na wengi huishia kudhani UDP ni ya polepole. Kuhusu -l, ukubwa wa kila ujumbe kwa baiti: pakiti ya kawaida ina baiti 1500, toa 20 za IPv4 na 8 za UDP, zinabaki 1472. Ukizidisha, ujumbe hukatwa, na kipande kimoja kikipotea wote umepotea.

Hatua ya 4. Haribu mtandao makusudi, kwenye kompyuta inayotuma (jina la eth0 lihakikishe kwa ip link):

sudo tc qdisc add dev eth0 root netem delay 80ms loss 2%

Amri hiyo huchelewesha kila pakiti milisekunde 80 na kupoteza 2% ya pakiti. Rudia vipimo vyote viwili. TCP itaporomoka mno, ingawa kilichopotea ni 2% tu: CUBIC, kanuni ya kawaida ya Linux ya kudhibiti mwendo wa TCP, huona upotevu kama dalili ya msongamano na kupunguza mwendo. UDP itaendelea kutuma megabiti 20, na takriban 2% haitafika. Haijaongeza kasi yoyote. Haipunguzi tu, ndiyo maana ukiiachia bila kikomo inawanyima wengine nafasi.

Hatua ya 5. Ondoa uharibifu, usije ukamlaumu mtoa huduma bure:

sudo tc qdisc del dev eth0 root

Mahali pa gari patume kwa UDP, kila ujumbe ukiwa na namba ya mfuatano. Seva itupe wenye namba ndogo kuliko wa mwisho. Nauli itume kwa TCP, lakini usiiamini kupita kiasi: TCP huthibitisha kwamba data imefika kwenye mashine ya pili, haithibitishi kwamba programu imeihifadhi. Seva ijibu yenyewe baada ya kuandika kwenye hifadhidata, na kila malipo yawe na kitambulisho chake, ili yakitumwa tena abiria asikatwe mara mbili.