SOMO: Namna ya kukagua kura za mbunge wako wa jimbo (mfano: Minnesota, Marekani)

Ndugu zangu, hamjambo. Kila msimu wa uchaguzi tunaachiwa vipeperushi mlangoni: huyu anatetea wahamiaji, yule anajali familia. Maneno hayo hayamgharimu mtu kitu. Kura inamgharimu, na inabaki imeandikwa kwa jina lake. Wakenya walioko hapa wanakumbuka tarehe 25 Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipopita Nairobi kwa kura 195 dhidi ya 106, na jinsi watu walivyotafuta jina la mbunge wao mmoja mmoja. Hapa Minnesota kazi hiyo ni rahisi zaidi, ila kura nayo inataka kusomwa kwa makini.

Hatua ya 1: Wajue wanaokuwakilisha. Bunge la jimbo liko St. Paul na lina mabaraza mawili: Seneti yenye watu 67, na Baraza la Wawakilishi lenye watu 134. Kila eneo la Seneti limekatwa vipande viwili, A na B, ndiyo maana mnasikia 38A au 34B. Kwa hiyo una seneta mmoja na mwakilishi mmoja. Ingia leg.mn.gov, andika anwani ya unapoishi, na majina yatatokea. Usiwachanganye na wale wa Washington.

Hatua ya 2: Pata nambari ya muswada. Bila nambari utazunguka tu. Miswada ya Baraza huanza na HF, ya Seneti na SF. Ule wa leseni za udereva bila kujali hati za uhamiaji ulikuwa HF 4 wa mwaka 2023. Chakula cha bure shuleni kilikuwa HF 5. Ukiupata, tazama jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi, kwa sababu huyo ndiye aliyeubeba muswada. Walioongeza majina nyuma yake wanaunga mkono, lakini mzigo haukuwa wao.

Hatua ya 3: Fungua kura ya majina. Katiba ya jimbo inataka kura ya mwisho iandikwe kwenye kumbukumbu rasmi, na muswada haupiti mpaka upate zaidi ya nusu ya viti vyote, wala si nusu ya waliohudhuria. Yaani 68 kwenye Baraza na 34 kwenye Seneti. HF 4 ulipita Baraza kwa 69 kwa 60, na Seneti kwa 34 kwa 31. Hebu itazameni hiyo 34: angekosekana mmoja wao ukumbini, maelfu ya watu wangeendelea kuendesha gari kwa hofu. Gavana Tim Walz alitia saini tarehe 7 Machi 2023, na sheria ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba.

Ukurasa wa kura una makundi mawili ya majina ya ukoo kwa alfabeti, waliosema ndiyo na waliosema hapana. Jina lisipoonekana kokote, mtu huyo hakupiga kura. Liandike hilo pia, kwa sababu kwa hesabu ya 68 na 34, asiyekuwepo hausaidii muswada hata kidogo.

Hatua ya 4: Rudi nyuma kwenye kamati. Miswada mingi hufia huko bila kufika ukumbini. Mara nyingi kamati hupiga kura ya sauti, na hapo majina hayabaki. Sikiliza video za vikao: maswali ambayo mbunge anamuuliza shahidi yatakuonyesha anakoelekea.

Hatua ya 5: Jihadhari na miswada ya mkusanyiko, yaani inayobeba mambo mengi kwa pamoja. Mwaka 2024 kikao kilifungwa kwa muswada mmoja wa kurasa zaidi ya 1,400, uliopitishwa dakika za mwisho. Ukiambiwa "alipinga jambo fulani" na kura yenyewe ilikuwa ya muswada wa namna hiyo, uliza ndani yake mlikuwa na nini kingine.

Hatua ya 6: Linganisha kura na msimamo. Hapa naomba tukae kidogo.

Mwaka 2023 Bunge lilifungua bima ya afya ya MinnesotaCare kwa wahamiaji wasio na hati, kuanzia Januari 2025. Spika wakati huo alikuwa Melissa Hortman wa Brooklyn Park, wa chama cha DFL, yaani Democrats wa Minnesota. Uchaguzi wa 2024 ukaleta sare kwenye Baraza, 67 kwa 67. Bajeti ilitakiwa kupita kabla ya Julai, la sivyo ofisi za jimbo zifungwe. Republicans wakashikilia sharti lao: bima hiyo iondolewe kwa watu wazima, watoto wabaki. Viongozi wakakubaliana.

Tarehe 9 Juni 2025 kura ikapigwa kwenye Baraza: 68 kwa 65. Republicans wote 67, na DFL mmoja tu, Hortman mwenyewe. Bila kura yake muswada ungeanguka, na makubaliano ya bajeti nayo. Baadaye alizungumza na waandishi wa habari huku machozi yakimtoka. Siku tano baadaye yeye na mumewe Mark waliuawa nyumbani kwao.

Anayesoma rekodi peke yake ataandika: "Hortman alipinga bima ya wahamiaji." Kura aliipiga kweli, na walioumia kwa kupoteza bima wana haki ya kuumia. Lakini msimamo wake haukuwa huo. Alikuwa amefikia makubaliano kama kiongozi wa DFL kwenye Baraza, akaubeba uzito wake mwenyewe badala ya kumtwika mwenzake. Kwa hiyo kila ukikuta kura isiyofanana na mtu unayemjua, tafuta kwanza mapatano yaliyokuwa mezani siku hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Brooklyn Park: Asante mwalimu. Mimi bado sijapata uraia. Nina haki ya kumuuliza mbunge kuhusu kura yake?

Ndiyo, mama. Kupiga kura ni kwa raia, lakini mbunge anawakilisha wakazi wote wa eneo lake. Unaweza kupiga simu, kuandika, na hata kutoa ushahidi mbele ya kamati.

Kijana wa Rochester: Shikamoo mwalimu. Nimeona kadi ya alama, ile inayowapima wabunge kwa kura zao, seneta wetu amepewa alama ya chini sana. Niiamini?

Marahaba. Isome, kisha uliza ni nani aliyeitoa na alichagua kura zipi. Kikundi kinaweza kuchukua kura kumi kati ya mamia, na zile kumi ndizo zinazoamua alama. Angalia pia kura zilizovuka mipaka ya chama. HF 5 wa chakula shuleni ulipata kura 38 kwenye Seneti wakati DFL walikuwa na viti 34. Republicans wanne walivuka, na kadi nyingi hazikuonyeshi hilo.

Dada wa Minneapolis: Mbona sioni kura za Ilhan Omar kwenye tovuti hiyo?

Ziko za miaka miwili tu, dada, kuanzia 2017 alipokuwa mwakilishi St. Paul. Tangu 2019 yuko Washington, na kura zake ziko kwenye kumbukumbu za Bunge la Marekani.

Kaka wa Lincoln, Nebraska: Huku kwetu utaratibu ni huo huo?

Kwenu ni rahisi zaidi, kaka. Nebraska ina baraza moja tu, watu 49, na wanagombea bila jina la chama kwenye karatasi ya kura. Kwa hiyo hutaweza kukisia kwa kutazama chama. Itabidi usome kura zenyewe.

Mzee wa Brooklyn Center: Huldah Momanyi-Hiltsley ni binti yetu, mzaliwa wa Kenya. Kweli tumkague naye?

Kwa heshima yako mzee, yeye hasa. Aliingia mwaka 2025, rekodi yake bado ni fupi, na mtu anaweza kuisoma yote kwa jioni chache. Anzeni na ile kura ya tarehe 9 Juni. Mkimwandikia, tajeni nambari ya muswada, tarehe, na swali moja tu. Barua yenye malalamiko kumi hujibiwa kwa aya moja ya shukrani.